Jiwe la Kisaburo Hinuma

Sawako Hinuma alipanda ngazi mia nne na kumi na mbili za hekalu Jumanne moja ya Novemba, akipumzika kila baada ya ngazi thelathini kwa sababu ya goti lake la kushoto. Alikuwa mpishi wa shule aliyestaafu. Mkobani alibeba ubani, chupa ya chai na matonge matatu ya wali. Mumewe, kabla hajafariki mwezi Machi, alimwomba aje kumsalimia Kisaburo, mtu wa ukoo wao, aliyezikwa mlimani kando ya mtawala wa zamani wa jimbo.

Kaburi la mtawala lilijengewa nyumba yenye nguzo za dhahabu. Nje, penye mvua, yalipangwa mawe matano ya askari wake waliojiua alipofariki, ili wamfuate. Kibao kilieleza kwamba walifanya hivyo kwa hiari yao.

Kisaburo alikuwa ameketi juu ya jiwe lake, akijikung'uta majani ya mierezi mabegani. Alikuwa na miaka ishirini na sita, kama siku ile aliyokufa.

"Shikamoo, babu," alisema Sawako.

"Babu wa nani? Mimi rika la mwanao. Shikamoo wewe, mama."

Sawako akampa matonge. Kisaburo alikula mawili, akajifuta vidole.

"Kile kibao kinasema uongo," alisema. "Mimi nilikataa. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Kaka yangu akaja na wazee, wakasema nisipokwenda tutanyang'anywa ardhi. Kisu alikishika yeye."

"Ardhi ipi?"

"Hiyohiyo mnayoishi."

Sawako alimmiminia chai, kisha akaenda kumtafuta Ryoken, mtawa mkuu. Alimkuta akifagia, akamweleza aliyoyasikia.

"Kweli, huwa anasema hivyo," alisema Ryoken. "Hata kwenye kikao cha kamati ya hekalu alikuja, akaongea saa nzima. Katibu alimwandika kama mgeni mwalikwa."

"Sasa kwa nini hamkibadilishi?"

Mtawa aliegemeza ufagio ukutani, akaingia ndani, akarudi na barua. Ukoo wa Hinuma ulitaka maneno ya kibao yasiguswe, kwa ajili ya heshima ya familia. Barua ilikuwa na miaka minane. Sahihi ilikuwa ya mumewe.

Sawako aliisoma mara mbili.

"Naweza kuifuta?"

"Mpaka mkuu wa ukoo akubali."

Mkuu wa ukoo sasa alikuwa mwanawe, Nobuharu. Akampigia simu palepale.

"Mama, umeongea naye?" aliuliza Nobuharu.

"Nimeongea naye. Amekonda."

"Basi mpe pole. Lakini tukibadilisha, watu watatuonaje? Wanangu wanasoma hapahapa mjini."

"Yeye naye alikuwa na mtoto, Nobu."

"Najua, mama. Chunga goti ukishuka."

Sawako alirudi makaburini, akamweleza Kisaburo yote, pamoja na ile sahihi. Alilia kidogo. Kisaburo akasogea, akampisha kwenye jiwe.

"Kaa, mama. Hata hivyo wewe ndiye wa kwanza kuuliza."

Walikuwa wameketi hivyo wakati wanafunzi wa darasa la sita walipofika na mwalimu wao. Mwalimu alikisoma kibao kwa sauti, hadi mwisho. Watoto wakajipanga, wakainama pamoja. Kisaburo, ambaye alilelewa vizuri, akasimama, akainama pia.