Duka Limefungwa kwa Heshima ya Bi Opal

Mimi huwaombea wenzangu mafua. Nasema wazi, anayetaka kununa anune. Mtu akiugua, akipata mgeni, gari lake likikataa kuwaka, zamu yake anaitupa kwenye simu, simu zetu sote zinalia, na atakayewahi kubonyeza ndiye mwenye zamu. Mara nyingi ninayewahi ni mimi. Kwa hiyo pale dukani wananiita Kunguru. Wananiita kwa sauti ya chini, lakini masikio yangu bado mazima.

Jina langu ni Lorna Stamper. Nachanganya rangi za kuta katika duka kubwa la vifaa vya ujenzi, kule nyuma kabisa karibu na mbao. Nina saratani ya damu. Siyo ile ya kukulaza kitandani. Ni ile ambayo ukimeza kidonge kila asubuhi unakwenda kazini na kugombana na watu kama kawaida, na usipomeza unakufa. Chupa moja bila bima ni bei ya gari, tena siyo mkweche. Bima naipata kazini, na sisi tunaolipwa kwa saa tunaipata kwa sharti moja tu: wastani wako wa mwaka mzima usipungue saa thelathini kwa wiki. Ukipungua kidogo tu, mwaka unaofuata huna bima. Hakuna anayekuuliza kwa nini.

Utasema, si ufanye hizo thelathini yaishe? Thubutu! Ratiba anaipanga meneja, na meneja wetu ni Brent Oakley, kijana wa nywele za mafuta na meno meupe mno. Brent ana kipaji cha kukupa saa ishirini na saba huku anakuchekea. "Biashara imepoa, Bi Lorna. Wiki ijayo nitakufikiria." Wiki ijayo ishirini na sita. Zilizobaki uzitafute mwenyewe kwenye simu, kama kuku anavyotafuta punje.

Bi Opal Crum hakuwa mtu wa kugombea. Aliuza maua na mbolea upande wa bustani, mwanamke mnene, mpole, kila mteja ni "mwanangu". Mwaka jana Brent alimpunguzia saa mpaka akaanguka chini ya thelathini. Bima ikaenda. Tangu hapo akawa anakata vidonge vyake vya presha kwa kisu cha jikoni, nusu leo, nusu kesho. Nilimwambia, "Opal, unajiua." Akanijibu, "Najua, mwanangu, lakini umeme nao unataka kulipiwa." Jumapili asubuhi bintiye Jolene akamkuta chini jikoni, tayari amekwisha kufa.

Niliumia. Sikuwa na rafiki mwingine pale.

Jumatatu, kabla ya kufungua milango, Brent akatukusanya penye matoroli. Alikuwa ameshajiandaa na uso wa msiba. Akaomba dua ndefu, kisha akasema, "Alhamisi tunamzika Bi Opal wetu. Nimeomba ruhusa makao makuu, na wamekubali. Duka litafungwa kutwa nzima kwa heshima yake. Hapa sisi ni familia."

Watu wakalia, wengine wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Ile ndiyo ilikuwa wiki ya mwisho ya hesabu ya mwaka. Nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu mpaka kichwa kinauma: nikiingia siku zote walizonipangia, Alhamisi ikiwemo, nafika thelathini kwa shida. Alhamisi ikitoka, sifiki.

Nikanyoosha mkono. "Siku hiyo tunalipwa? Saa zake zinahesabiwa?"

Brent akainamisha kichwa. "Bi Lorna, leo siyo siku ya kuuliza hayo."

"Basi nitajie siku nije kuuliza."

"Jamani, Lorna!" Huyo ni Fern Ledbetter, mwanamke wa kaunta ya malipo namba nne, macho yamemvimba kwa kulia. "Marehemu hata hajazikwa, wewe unawaza saa? Una roho ya namna gani wewe?"

"Roho inayotaka kubaki ndani ya mwili," nikamwambia. Wakanitazama kana kwamba nimetema mate sakafuni.

Nikamfuata Brent ofisini. "Nipe saa hizo siku nyingine. Ijumaa, Jumamosi, popote."

"Saa za wiki zimeshagawanywa zote, Bi Lorna. Nikikuongeza wewe, makao makuu wananirukia."

"Basi Alhamisi niache niingie peke yangu. Nitapanga makopo. Nitafagia hata choo."

"Duka likifungwa, hakuna anayehesabiwa kuwa kazini."

"Kwa hiyo mwaka ujao nife."

"Usinilishe maneno." Akanishika bega, mjinga yule. "Mimi mwenyewe nitazungumza kanisani. Tutafurahi sana kukuona."

Nilichoka nikatamani kummwagia kopo la rangi ya bluu. Siku zile zote simu ilikaa kimya. Hakuna aliyeugua. Hakuna aliyetupa hata nusu ya zamu, maana wiki ya mwisho kila mtu amekumbatia yake.

Alhamisi kanisa lilijaa. Brent akapanda mbele na tai yake nyeusi. "Bi Opal alikuwa mama yetu sote pale dukani," akasema. "Miaka yote ile, sikumsikia akilalamika hata mara moja." Watu wakaguna kwa huruma. Mimi nilikuwa nang'ata meno. Alipokaa, mchungaji akauliza, kama ilivyo desturi yetu, kama kuna mwingine mwenye neno juu ya marehemu. Nikasimama. Nikashika benchi la mbele yangu.

"Bi Opal alilalamika," nikasema. "Alimlalamikia Brent mlangoni mwa ofisi yake, nikiwa nimesimama pembeni. Alimwambia nipe saa, nitapoteza bima. Hakumpa. Akawa anakata vidonge kwa kisu mpaka akafa. Leo tumefunga duka kwa heshima yake, na kwa heshima hiyohiyo mimi nakosa bima yangu, na wote mnajua nameza nini kila asubuhi. Nikifa mimi, mtafunga tena?"

"Kaa chini, mama!" mtu akafoka. "Aibu gani hii!"

Jolene akainuka kwenye benchi la wafiwa. "Mwacheni." Kisha akamgeukia Brent. "Mama alikuomba?"

Brent akawa mwekundu mpaka masikioni. Akatazama jeneza, akamtazama mchungaji, akatutazama sote tuliojaa mle. "Bi Lorna atapata saa zake," akasema. "Natoa neno langu hapa, mbele ya Mungu."

"Amina," kanisa zima likaitikia.

Baadaye, kwenye ukumbi wa chini, tulipokuwa tunakula nyama ya nguruwe na saladi ya viazi, Fern akanijia na sahani mbili. Moja akanipa mimi. "Nisamehe kwa maneno ya Jumatatu," akasema. "Umetusemea sote." Akanikumbatia, na mimi nikalia begani kwake mpaka kamasi. Tangu Opal afe sikuwa nimelia.

Ijumaa asubuhi, niko kwenye mashine ya rangi, simu ikalia. Siyo zamu iliyotupwa. Nimepangiwa na meneja mwenyewe: Jumamosi, kutwa nzima, kaunta ya malipo namba nne. Saa zangu zimetimia na kuzidi! Nikashika meza, nikamshukuru Mungu kwa sauti, mteja mmoja akanishangaa. Namba ya kaunta wala sikuitilia maanani.

Fern ndiye aliyenifanya niitilie maanani. Nilimkuta chumba cha wafanyakazi wakati wa mapumziko, anakunja aproni yake, hajagusa chakula.

"Amekupa zamu yangu," akasema.

"Mimi sikuomba yako. Niliomba saa."

"Ulidhani atazitoa wapi, Lorna? Mfukoni mwake? Nimemwendea. Ananiambia, ongea na Bi Lorna, mimi natimiza ahadi." Sauti ikamkatika. "Nilikuwa nimebakiza hiyohiyo nifike thelathini. Mwezi wa tatu nakatwa uvimbe. Daktari ameshanipa tarehe."

"Hukuniambia."

"Namwambia nani, Kunguru?" Akanisogezea simu yangu niliyokuwa nimeiweka mezani. "Kuna pa kukataa hapo chini. Bonyeza. Itarudi kwangu."

Pa kukataa palikuwepo kweli, penye rangi nyekundu. Nilipatazama. Nilimchukia Brent kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na mahali pa kumbonyeza Brent hapakuwepo. Jana yake mwanamke huyu alikuwa amenipangusa machozi kwa kitambaa chake. Kidonge changu cha asubuhi bado nilikuwa nakisikia uchungu wake kooni.

Nikaichukua simu, nikaitia mfukoni.

"Ng'o," nikasema.

Fern hakupiga kelele. Alitia aproni kwenye kabati lake, akafunga, akavuta koti.

"Basi siku nikifa mimi," akasema, "usije kanisani kunisemea."

"Sitakuja," nikamwambia. "Nitakuwa kazini."