Maziwa ya Gaju

Jumanne moja ya mwezi wa tano, ilipokaribia saa kumi jioni, Séraphin alitumbukiza ala ya bastola kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akangoja mapovu yaishe. Mapovu yakiisha, ngozi imeshiba. Aliitoa, akaipangusa kwa taulo, akasukuma ndani yake bastola ya plastiki ya rangi ya buluu, kisha akaanza kuibonyeza ngozi kwa vidole gumba mpaka umbo la kilichomo likajichora juu.

Karakana ilikuwa Peckham, juu ya saluni ya kusuka nywele. Mwenye karakana alikuwa mzee Praful, mzaliwa wa Kisumu, aliyekaa Kenton na kuja kwa treni mara tatu kwa wiki. Ala zilikwenda Marekani, kwa wawindaji wanaofuata kulungu na dubu kwa bastola badala ya bunduki ndefu. Wao huzivaa kifuani ili mikono ibaki huru kupanda mlima. Séraphin hakuwahi kushika bastola ya kweli. Alizijua za plastiki tu, na alizijua vizuri.

Saa kumi ilipotimia, ala ilianza kutoa maziwa. Yalitoka kwenye tundu dogo la chini, lile linaloachwa ili maji ya mvua yasituame, yakadondoka mezani kwa mpangilio. Séraphin alisogeza kikombe. Kilipojaa aliweka kingine. Kwenye rafu, ala nyingine kumi zilizokatwa kutoka ngozi ileile zilikuwa zikidondosha pia, akaondoka kutafuta sufuria.

Mdogo wake, Euphrasie, alikuwa ameketi karibu na dirisha. Alikuwa na miaka miwili London na bado alikuwa akisubiri karatasi. Kwa sheria hakuruhusiwa kufanya kazi, kwa hiyo kila siku alikuja karakana na kukaa bila kugusa kitu. Alichovya kidole kwenye kikombe, akaonja.

"Yaya," alisema, akimwita kaka yake kama kwao, "iko na majivu."

Séraphin naye akaonja. Ladha ya majivu ilikuwepo, kidogo, nyuma ya utamu. Kwao Masisi walikuwa na ng'ombe kumi na wanne, na mmoja tu ndiye aliyekuwa na tabia ya kuingia jikoni kulamba majivu mekoni.

"Gaju," alisema.

"Njo yeye," alikubali Euphrasie, akaenda kunawa mikono.

Mzee Praful alifika wakati sufuria ya pili inajaa. Alivua koti, akalitundika, akatazama.

"Fundi, hii ngozi inatoa maziwa?"

"Ndiyo, mzee."

"Mabichi?"

"Mabichi."

"Basi chemsha, tutie kwa chai. Ile ya dukani ni maji tu." Kisha alimwona Euphrasie amechuchumaa, ameshika ala kwa mikono miwili, akiikamua taratibu. "Na huyu si alikatazwa kazi? Mama, wataniletea barua mimi!"

Walimpigia simu Nyambura, wakili wa Euphrasie, Mkenya aliyekuwa na ofisi Thornton Heath. Nyambura alifikiri kidogo, akasema kukamua ng'ombe wa familia hakuhesabiki kuwa kazi, mradi asilipwe. Halafu akauliza, "Ng'ombe gani?"

Swali hilo ndilo lililokuwa na uzito. Ombi la Euphrasie la kupewa hifadhi lilikuwa limekataliwa mara moja. Alikuwa amewaeleza maafisa wa uhamiaji kwamba watu wenye bastola walikuja saa kumi na moja jioni, yeye akielekea zizini na ndoo. Kwamba walimpiga risasi baba getini, wakapiga risasi moja zizini ili ng'ombe wachanganyikiwe, wakaondoka na kundi lote. Afisa aliandika kwamba hakuna ushahidi kwamba ng'ombe hao waliwahi kuwepo, na kama hawakuwepo, hakukuwa na sababu ya mtu kuja kuwachukua. Rufaa ilipangwa mwezi wa kumi na moja. Ikishindwa, Euphrasie angeweza kurudishwa.

"Tena ni saa kumi na moja," alisema Euphrasie kwenye simu. "Kwetu sasa ni saa kumi na moja. Ni ukamuaji wa ile siku. Sikuufanya."

"Sawa," alisema Nyambura. "Hiyo ngozi msiiguse. Ushahidi ni ngozi nzima, na chapa yake."

"Nimeshaikata," alisema Séraphin. "Ala kumi na sita. Tano zimeshakwenda."

"Umekata ushahidi?"

"Ilikuwa oda, wakili."

Fundi wa ngozi huchora ruwaza upande wa ndani, upande wa nyama, ili chaki isichafue uso. Hivyo ngozi hulala kifudifudi, na kovu la chapa hutafutwa kwa kidole gumba: pale panapokuwa pagumu, panakatwa na kutupwa. Séraphin alikuwa na kidole gumba kizuri, kila mtu alimsifia. Chuma cha chapa ya kwao, jembe dogo na nukta chini yake, alikifua mwenyewe akiwa na miaka kumi na mitatu, pamoja na baba yake. Kidole kilikuwa kimekutana na jembe hilo, kikasema hapa pagumu, na kisu kikapita.

Walimwaga gunia la mabaki sakafuni, wakatafuta mpaka saluni ya chini ikafungwa. Kipande chenye chapa hakikuwemo. Mzee Praful, aliyekuwa amekaa akinywa chai yake ya tatu, aliinama chini ya meza yake na kuinua mguu uliokuwa ukiyumba. Alikuwa ameuwekea kipande cha ngozi kilichokunjwa.

"Ni hii?"

Jembe lilikuwepo, na nukta. Karibu nayo kulikuwa na tundu la upana wa kidole kidogo. Tundu la kupe halina upana huo. Euphrasie alikifuta kipande kwa khanga yake, akakilaza mapajani.

"Yaya, wewe unawatengenezea hawa bastola nguo," alisema.

Alishamuuliza kuhusu hilo siku za mwanzo. Séraphin alimjibu kwamba ala ni nyumba ya bastola, na bastola ikiwa nyumbani kwake haimdhuru mtu. "Na ikitoka?" aliuliza Euphrasie wakati ule. Séraphin aliendelea kushona. Sasa pia Séraphin alichukua sindano na uzi wenye nta, akaanza kumalizia ukingo aliouacha asubuhi.

Siku zilizofuata aliwaandikia wawindaji watano, akiwaomba warudishe ala. Wanne hawakujibu. Wa tano, kutoka Montana, aliandika barua ya heshima. Alisema ala inakaa vizuri kifuani na haina kelele msituni. Inatoa kikombe kimoja na nusu kila siku saa tatu asubuhi, na mke wake ameanza kutengeneza siagi. Kurudisha isingewezekana, kwa sababu wameshaizoea. Aliuliza kama inapaswa kulishwa chochote.

"Mwambie majivu," alisema Euphrasie.

Kwa hiyo kiangazi kizima kulikuwa na maziwa. Wasusi wa saluni walipanda na chupa zao saa kumi. Mama mmoja wa kanisani alichukua ya watoto, akarudisha chupa zimeoshwa. Euphrasie alinenepa kidogo, akaanza kuimba akikamua, nyimbo za kumtuliza ng'ombe asirushe mateke, ingawa ala hairushi. Mwisho wa mwezi wa kumi saa za Uingereza zilirudishwa nyuma, na maziwa yakahamia saa tisa. Gaju hakufuata serikali.

Siku ya rufaa Séraphin alivaa suti ya harusi. Walibeba ala kumi na moja kwenye begi la magurudumu, kipande chenye chapa kwenye bahasha, na sufuria. Nyambura aliomba kesi isikilizwe alasiri, na ilikubaliwa. Mbele ya hakimu, Séraphin alipanga ala sakafuni kama zilivyokuwa kwenye ngozi, mgongo huku, tumbo kule. Pale palipokosekana zile tano aliweka karatasi nyeupe. Kipande chenye chapa alikiweka shingoni.

Hakimu alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani ya kusomea. Alishuka kutazama. Saa tisa kamili ala zilianza kudondosha, na Euphrasie akapiga magoti bila kuambiwa, akasogeza sufuria. Mwakilishi wa serikali aliinua miguu ili asilowe. Karani aliandika muda. Hakimu alionja kijiko kimoja, akasema anaonja majivu, na hilo pia likaandikwa.

"Huyu ndiye ng'ombe unayemtaja kwenye maelezo yako?" aliuliza.

"Njo yeye, mama," alisema Euphrasie. "Tundu lile njo risasi yao. Baba nilimwacha getini. Sikurudi kumfunika."

Mkalimani alitafsiri. Hakimu alivua miwani, akaivaa tena.

Uamuzi ulifika baada ya wiki tatu, kurasa tisa. Nyambura aliusoma karakana, kwa sauti, amesimama. Hakimu aliridhika kwamba ng'ombe aitwaye Gaju aliwahi kuwepo, kwamba alikuwa wa familia ya mwombaji, na kwamba maziwa ni ya wakati uliotajwa. Kwa hoja hizo mwombaji aliaminika kabisa. Hata hivyo, mwombaji alidai kwamba ng'ombe huyo aliporwa, ilhali imethibitika kwamba kwa sasa yuko mikononi mwa familia ya mwombaji. Dai la kuporwa, kwa hiyo, halikuthibitika, na rufaa ilikataliwa. Kuhusu baba, hakukuwa na kitu kilicholetwa.

"Baba angeletwa na nini?" aliuliza Séraphin.

Mzee Praful alikunja kipande kingine cha ngozi, akakagua pande zote mbili, ndipo akakiweka chini ya mguu wa meza.

Nyambura aliandika rufaa nyingine. Aliamini ingefaulu, na alisema hivyo mara mbili. Oda mpya iliingia, ala ishirini na nne. Séraphin aliipokea. Sasa kila ngozi inayokuja huigeuza kwanza uso juu, huisoma chapa yake, hata ya wageni, na kuiandika kwenye daftari kabla ya kukata. Ala zile kumi na moja hazikuuzwa. Zinaning'inia karibu na dirisha, kila moja na chombo chake chini.

Kila Alhamisi ya pili Euphrasie huenda kusaini kwenye ofisi ya uhamiaji, ili ijulikane kwamba hajatoroka. Huchukua maziwa ya moto kwenye chupa ya chai, kwa sababu foleni ni ndefu na sakafu ni baridi. Alhamisi iliyopita karani wa dirishani alimsogezea kikombe chake, kama anavyofanya siku hizi, naye akammiminia maziwa hadi nusu. Karani alikunywa, akasema ni mazuri kweli, hayapatikani dukani. Kisha akapiga muhuri, akaandika tarehe nyingine, akaisukuma karatasi chini ya kioo.