Grafu Zilizopigiwa Kura

Mwalimu Bathsheba Mong'ina alipofika swali la saba la mtihani wa majaribio wa mwaka 1973, alicheka peke yake katikati ya wenzake katika ofisi ya walimu. Swali lenyewe lilikuwa zuri: mstari unachorwa kutoka kushoto hadi kulia bila kuinua kalamu, na katika kila nukta y ni sawa na x au kinyume chake, yaani −x. Je, grafu ngapi zinawezekana? Kilichomchekesha ni jibu la mwongozo wa kusahihisha. Mbili.

"Mwalimu Onchiri, hii mbili umeitoa wapi?"

Onchiri ndiye aliyekuwa mkuu wa somo la hesabu, mtu wa kuvaa tai hata akienda kuchuma chai.

"Moja inapanda, moja inashuka. Unataka nini tena?"

Bathsheba akashika chaki, akachora ubaoni zile mbili zikikatana kwenye sifuri. "Hapa zinakutana. Kalamu ikifika hapa, nani ameikataza kugeuka?" Akachora bonde, kisha paa la nyumba. "Ni nne."

"Hizo zina kona. Kumbe chuo kikuu kinafundisha kuvunja mistari!"

Walimu wakaangua kicheko. Mwalimu mkuu Ombui, aliyeachana na hesabu darasa la saba, akakohoa. "Tusigombane kama watu wasio na dini. Tupige kura."

Na kura ikapigwa kweli. Mwalimu wa kilimo aliinua mkono kabla hajaulizwa. Yule wa muziki alipendekeza tatu, ili pande zote zipate amani. Mbili ikashinda.

"Basi pigeni nyingine mvua isinyeshe," Bathsheba akasema. "Nimeanika nguo."

Katika fungu lake la karatasi, msichana mmoja tu, Bochaberi, alikuwa amechora zote nne. Bathsheba akampa alama zote. Ombui alipoletewa habari, aliamuru alama zifutwe.

Bathsheba akamsukumia Onchiri kalamu nyekundu. "Futa wewe, kisha uandike jina lako pembeni, mtoto ajue ni nani aliyemfutia."

Onchiri aliitazama ile michoro kwa muda. Akafuta alama. Jina hakuandika.

Kesho yake Bathsheba alimwita Bochaberi ubaoni, akamwambia awafundishe wenzake. Onchiri akapita nje ya dirisha, akaona bonde na paa, akaongeza mwendo.