Viputo Kwenye Pipa la Kona

Mama mkwe wangu hajawahi kunisikiliza hata siku moja, na siku ile nilihitaji anisikilize kuliko siku zote za ndoa yangu. Jina lake Angammal. Karakana yetu ya kung'arisha vitambaa, hapa Tiruppur, anaiita "karakana yangu", ingawa wanaoshinda na mikono kwenye dawa ni mimi na mume wangu Thangavel. Haya, tuyaache.

Ilikuwa sikukuu ya zana. Kila chombo cha kazi kinaoshwa, kinapakwa msandali na unga mwekundu, kinavishwa maua, kisha kinaachwa kipumzike mpaka kesho yake. Ukikigusa umemkosea adabu mungu mke mwenyewe. Mimi nimezaliwa humo, sina ugomvi nayo. Nilirudi sokoni na maua na boga la kuvunja mlangoni kufukuza husuda, nikamkuta mama mkwe amemaliza kusugua kila kitu. Hata ndoo ya chuma, ile kuukuu, alikuwa ameiinamisha juani.

"Mama, si kulikuwa na dawa ya jana kwenye ndoo hii?"

"Nimeirudisha pipani. Ndoo isiwe na uchafu siku kama ya leo."

"Pipa lipi?"

"La kona, lile lililojaa. Ulitaka nimwage mtaroni? Nyie watoto wa siku hizi mna mkono wa kumwaga tu."

Ndoo ile ina kutu kitakoni, na dawa yenyewe ni peroksaidi ya kung'arishia. Ukiitazama utasema ni maji, lakini haipatani na kutu hata kidogo. Nimeona kwenye beseni la kung'arishia: chembe ndogo ya kutu ikinasa kwenye kitambaa, viputo vinatoka pale pale, mfululizo, na ukikitoa kitambaa unakuta tundu. Kimelika. Sasa hicho ni kitambaa na chembe moja. Yeye alikuwa amemimina ndoo nzima.

Nikaenda kona, nikafungua kifuniko cha pipa, nikachungulia. Jua lilipenya vizuri kwenye bati la plastiki la paani, nikaona mpaka chini. Vipande vya kutu vilikuwa vimetulia kitakoni, na juu ya kila kipande vilikuwa viputo. Kinazaliwa kimoja, kidogo kama mbegu ya haradali, kinashikilia pale kwenye kutu, kinanenepa, kinabanduka, kinapanda. Kabla hakijafika juu, kingine kimeshazaliwa mahali pale pale. Na kutu yenyewe haipungui. Ingekuwa inaisha ningesema basi, tusubiri. Lakini kutu ile ilikuwa inaifumua dawa bila yenyewe kuchoka. Nikagusa ubavu wa pipa. Lilikuwa na joto.

Nikarudisha kifuniko taratibu. Kile kina katundu ka kupumulia, na hewa ilikuwa inatoka pale ssss, kama bibi anayesikilizia jino. Angalau kilikuwa kinapumua.

"Thangavel!" Nilimkuta anapachika maua kwenye mashine. "Pipa la kona linachemka. Tutoke nje, tuvute mpira wa maji, tulimwagilie kutoka mlangoni."

"Leo? Valarmathi, leo hakiguswi kitu."

"Hakiguswi na nani? Pipa likitugusa lenyewe je?"

Akacheka. Mume wangu mtu mzuri, ila mbele ya mama yake anakuwa kama wali uliozidi maji. "Viputo tu hivyo. Hata soda ina viputo," akasema.

Wakati huo mama alikuwa ameshakaa kwenye kigoda chake akikabili madhabahu. Na madhabahu yenyewe aliiweka wapi? Kona, ubavuni kwa pipa, kwa sababu eti ndiko mashariki. Picha ya mungu mke, picha ya marehemu baba mkwe yenye shada, taa ya mafuta inayowaka, bisi za mchele, dengu, na ndizi mbivu iliyochomekwa vijiti vya ubani. Akaviwasha, akazima miali ili vifuke tu.

Havikufuka. Ncha nyekundu za vile vijiti zikageuka nyeupe, halafu pwa! vikashika moto vyote kwa pamoja. Akavipuliza. Vikawaka tena, vikali kuliko mwanzo.

"Amekuja!" Mama akapiga kelele, machozi yakimtoka. "Mama yetu amekuja! Amepokea!"

Jamani. Mimi nilikuwa naona kitu kingine kabisa. Ile ilikuwa hewa ya pipani, hewa inayolisha moto, imejaa kona nzima, na yeye yuko katikati yake na sari yake, na kafuri ya sala anayonuia kuiwasha.

"Mama, toka hapo. Nakuomba. Si mungu, ni dawa inaoza."

"Nyamaza!" Akamgeukia Thangavel. "Mwanangu, huo mlio wa pipa unaharibu sala. Lizibe."

Na mume wangu, Mungu amsamehe, akachukua kifuniko kizima cha pipa tupu, kisicho na tundu hata la sindano, akakibadilisha na kile, akakaza kwa nguvu zake zote. Nilikuwa nimekimbilia nje kufungua koki ya mpira wa maji. Niliporudi na mpira mkononi, ule mlio haukuwepo tena.

Kimya kile kiliniogopesha kuliko chochote. Nikakodolea macho pipa. Ubavu wake, pale palipopakwa msandali, ulianza kutuna. Msandali uliokauka ukapasuka nyufa, ukadondoka vipande vipande.

Thangavel naye akaona. Rangi ikamtoka. "Nifungue?"

"Usiguse! Dawa itakurukia usoni! Mtoe mama!"

Akamshika bega. Mama akamsukuma. "Siondoki mpaka nimalize. Atakayenigusa nimemlaani." Magoti yake mabovu, lakini mikono yake haina ugonjwa wowote. Alishika mguu wa meza ya madhabahu kwa mikono yote miwili, akafumba macho, akaendelea kuomba. Thangavel akabaki amesimama analia kama mtoto. Kumvuta mama yake kwa nguvu mbele ya mungu, hakuweza. Pipa likatoa mlio mmoja, ko!, na kitako chake kikanyanyuka kidogo sakafuni.

Nikainua mpira wa maji. Nikamwagia pipa, nikamwagia ubani, taa, kafuri, picha, na yeye mwenyewe kuanzia utosini. Taa ya sikukuu ikazimika. Akafumbua macho, akanitazama kama mtu aliyeona shetani, lakini hakuachia meza.

Basi nikasema. Nilijua neno gani lingemnyanyua, nikalisema kwa sauti ambayo mtaa mzima ulisikia.

"Ndiyo maana baba mkwe alikufa mapema! Alitafuta njia ya kukukimbia, mchawi we! Afadhali kaburi kuliko sura yako!"

Akainuka. Sijui magoti aliyapata wapi. Akavua ndala. "Umesema nini? Rudia, mwanaharamu, rudia!"

"Nikamate kwanza, kikongwe!"

Nikatupa mpira nikakimbia, naye nyuma yangu, maji yanamchuruzika, anatukana ukoo wangu wote mpaka mababu, na Thangavel nyuma yake anajaribu kutuamua. Tukavuka ua. Tukatoka getini. Nilikuwa naangalia nyuma kila hatua nikiomba asichoke, asisimame, aendelee kunichukia mpaka ng'ambo ya barabara.

Alinikamata nywele mbele ya duka la chai. Ndala ilikuwa juu.

Mshindo ule ulinipiga kifuani kabla ya masikio. Mabati yakaruka, mvuke mweupe ukapanda juu kuliko minazi, na mawe na vipande vya pipa vikanyesha ndani ya ua tuliotoka kupita. Ukuta wa kona uliangukia pale palipokuwa na kigoda.

Mkono wake ulikuwa bado kwenye nywele zangu. Taratibu vidole vikalegea, ndala ikaanguka, akakaa chini barabarani na sari yake ya sikukuu. Nikapiga magoti mbele yake.

Akaniangalia. Hakuuliza habari ya karakana.

"Yale ya mume wangu," akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Ni kweli? Alikuwa ananikimbia?"