Mrija wa Okiror

Zambarau za Malaba zilipoiva, Amongin alizikanda kwa mikono miwili ndani ya karai, kokwa zikimponyoka vidoleni na rangi ikimpanda mpaka viwiko. Alitia sukari, akakanda tena, akakamua malimau juu yake, kisha akamimina maji aliyoyachemsha asubuhi na kuyaacha yapoe. Hakuchuja. Chungu kilikuwa kile kile alichotumia kwa pombe ya wimbi kabla hajaokoka, na watu walikinywea kwa mirija ile ile mirefu, yenye kichujio cha kusuka kwenye ncha, kwa hiyo maganda hayakumkera mtu.

Alipookoka, mwaka mmoja baada ya Uhuru, wanywaji wake walinung'unika wiki nzima halafu wakarudi. Walisema midomo imeshazoea mrija, na mrija hauna dini.

Sheria za chungu hazikuokoka. Kila mtu alikuwa na mrija wake na mahali pake. Mwenye mrija hafukuzwi, na mbele ya chungu hakuna kesi. Katika nyumba hiyo mrija wa aliyesafiri ulining'inizwa ukutani, na wa aliyekufa ulivunjwa siku ya mazishi, vipande vikazikwa naye.

Mrija wa Okiror, mwanawe wa pekee, ulikuwa ukining'inia kwa msimu wa pili. Okiror alikuwa taniboi kwenye lori la chumvi la Simiyu. Alipakia, alishusha, aliweka jiwe chini ya gurudumu, na dereva alipotaka kurudi nyuma, yeye ndiye aliyesimama huko nyuma akigonga bodi: njoo, njoo, simama. Safari moja Simiyu alirudi peke yake. Alisema kijana ameshuka Tororo, amesikia Jinja kuna kazi. Amongin alimwamini, kwa sababu Simiyu alimwita mama na alikuwa na mrija wake hapo nyumbani. Alituma watu Jinja, hawakumwona. Majirani walimwambia vijana ndivyo walivyo, lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Amongin hakulala vizuri tena.

Jioni moja, watu wakiwa wamekizunguka chungu, Simiyu akiwa mmoja wao, Okiror aliingia uani amevaa shati na kaptula yake ya kazi. Alisalimia wote. Alichukua mrija wake ukutani, akaupuliza kutoa vumbi, akaenda mahali pake. Jirani yao Leonida alisogeza kigoda ili apate nafasi.

Okiror alivuta. Kinywaji kilishuka kooni kikatokea ubavuni, upande wa kushoto, pale shati lilipochanika pamoja na mwili, kikatiririka chini. Leonida alikwenda jikoni akaleta majivu, akayamwaga hapo watu wasije wakateleza.

Amongin alimuuliza mwanawe kama amekula.

"Nimeshiba, mama," alisema Okiror. "Lakini limau imezidi."

Furaha na msiba vilimwingia Amongin kwa mlango mmoja, asijue akaribishe kipi kwanza. Kwa hiyo aliongeza sukari, akakoroga.

Kinywaji kilichotoka ubavuni kiliyapita majivu. Kilipita miguu ya Leonida, kikapita miguu ya wazee, kikaenda hadi kwenye viatu vya Simiyu. Simiyu aliisogeza miguu. Kikamfuata.

"Mzee," Okiror alimwambia, kwa sauti ya mtu anayekumbusha jambo dogo la kazi, "siku ile nilikuwa bado sijagonga."

Simiyu aliangalia ndani ya chungu. "Kulikuwa na giza," alisema. "Na mvua."

"Ndiyo. Lakini nilikuwa bado."

Mbele ya chungu hakuna kesi. Walikunywa mpaka chungu kikakauka, Okiror akafuta mrija wake, akaurudisha ukutani, akaaga.

Asubuhi Amongin alikwenda polisi. Koplo mmoja, mtu mpole, alikuja jioni hiyo, akapewa mrija wa wageni. Alimtazama Okiror akinywa, akamtazama Simiyu, ambaye naye alikuwa amekuja kama kawaida. Kinywaji alikisifu. Alipomaliza alimwita Amongin kando ya jiko.

"Mama, nisaidie," alisema. "Kama amekufa, nani huyo anakunywa? Na kama anakunywa, kesi iko wapi?"

Wazee wa ukoo nao walisema kwamba bila kaburi mrija hauvunjwi. Amongin hakuwa akitafuta mtu afungwe. Alitaka mwanawe alale nyumbani, kando ya baba yake, basi. Kwa hiyo jioni iliyofuata alimuuliza Okiror analala wapi.

Okiror alifikiri. Jina la mahali hakulijua. Alisema amefunikwa na udongo mwekundu uliogandamizwa sana.

"Nasikia magari juu yangu," alisema. "La Simiyu nalijua. Springi ya nyuma inalia."

Simiyu aliendelea kunywa. Amongin akaelewa. Msimu ule alipopotea kijana, katapila zilikuwa zikiinua tuta la barabara mpya inayopanda kutoka mtoni, na udongo uliomwagwa jioni ulisubiri kusawazishwa asubuhi.

Alichukua jembe akaenda. Msimamizi wa barabara alimpa mahali pa kukaa na maji ya kunywa, akamweleza kwa heshima kwamba lami imeshamwagwa, na barabara ya serikali haiwezi kuchimbwa kwa ajili ya mtu ambaye kwa polisi hajafa. Amongin alikaa kando ya lami akalia kwa sauti, kilio chote cha misimu miwili. Malori yalipunguza mwendo, madereva wakavua kofia, wakidhani kuna mazishi.

Zambarau zilipokwisha Okiror hakuja tena. Mama yake alijaribu mapera, akajaribu forosadi alizoletewa kutoka Kocholia, zenye rangi karibu ile ile. Watu walikunywa wakashukuru, na mrija ukabaki ukutani.

Mwaka uliofuata zambarau zikaiva, naye akarudi. Amongin alikuwa amepunguza limau. Okiror alivuta, akasema sasa iko sawa, na mama yake akafurahi jioni nzima, furaha ya kumfanya mtu amwonee huruma. Simiyu pia alikuja, maana mwenye mrija hafukuzwi. Alikuwa amejifunza kuvua viatu kabla ya kukaa. Kinywaji kilimjia kikamwosha mpaka vifundoni, na rangi haikutoka kwa sabuni wala kwa mchanga. Malaba nzima ilizijua nyayo za zambarau za Simiyu. Kila asubuhi alizitia kwenye viatu, akakanyaga mafuta, akapita barabara ile.

Jioni ya mwisho ya msimu, Okiror alipokwisha kuaga, Amongin aliuchukua mrija wake. Aliushika kwa mikono miwili, magoti yamekutana, kama anavyoshika mtu anayevunja kuni. Barabarani lori lilikuwa likishuka kwenda mpakani, springi yake ya nyuma ikilia. Alingoja lipite. Kisha akaupangusa mrija kwa kanga yake, akauning'iniza tena ukutani, kwenye msumari wa waliosafiri.