Kura ya Mama Mkwe

Mjukuu wangu Dastan alikuwa mhasibu wa kiwanda cha pamba. Akaacha mshahara wake, akagombea udiwani, akashinda. Hapo akataka na uenyekiti wa halmashauri ya mji, cheo ambacho sisi hapa Bariadi tunakiita umeya kwa ufupi. Meya huchaguliwa na madiwani wenyewe, kwa hiyo mgombea anapita kwa kila diwani, anakunywa chai, anaomba kura. Dastan alipita kote, akabakiza nyumba moja. Na madiwani walikuwa wamegawanyika katikati, kura ya nyumba hiyo ndiyo ingemaliza maneno.

Ilikuwa nyumba ya mama mkwe wake, Generoza, diwani wa viti maalumu.

Sasa kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawakai pamoja. Mama mkwe hatazamwi, na jina lake halitajwi. Dastan ana watoto watatu na mkewe Kabula, lakini akimwona mama mkwe sokoni anaingia hata duka la misumari, anauliza bei.

Mpinzani wake, Bundala, hakuwa na shida hiyo. Alikwenda kwa Generoza kila asubuhi mpaka mbwa wa pale wakaacha kumbwekea.

Dastan akaniomba niwe mshenga. Nikamwambia nilishakuposea mke nyumba ileile, leo nikakuposee na kura? Hakucheka. Basi nikaenda.

Generoza alinipa kiti na maziwa ya mgando. Tukaulizana mvua, ng'ombe, wajukuu, ndipo nikatoa la moyoni. Akasema anampenda mkwe wake, Bundala ni mdomo tu. Ila meya ndiye anayeongoza kikao, ndiye anayemwita diwani kwa jina asimame aseme.

"Huyu asiyeweza kunitaja ataniitaje? Nitanyoosha mkono mpaka uote nyasi. Aje mwenyewe, anitaje jina, aniombe. Asipokuja nampa Bundala."

Niliporudi na maneno hayo, Dastan akasema afadhali ashindwe kuliko watu waseme hana adabu. Kabula akamwambia mama yake hang'ati. Mimi nikamwuliza: ukiwa meya, umnyime kusema miaka mitano, hapo ndipo utakuwa na adabu? Akatafuta viatu.

Tulifika jioni. Dastan akasimama uani ameelekea zizi, mgongo kwa mama mkwe. Generoza naye alijitanda khanga mpaka puani, akatazama jikoni. Mimi katikati. Aliyemtazama Dastan usoni alikuwa ng'ombe mmoja mwekundu.

"Mwadila, mayu," Dastan akasalimia kwa Kisukuma, mayu yaani mama.

"Mwadila. Akina mayu tuko wengi. Endelea."

Shingo ilikuwa inamtoka jasho. Akakohoa, akakohoa tena.

"Mheshimiwa Generoza Mahona. Naomba kura yako."

Hata mimi mwili ulinisisimka, maana tangu nizaliwe sijasikia mtu akimtaja mkwe wake. Generoza hakutikisika.

"Sema tena, wa nyuma hawajasikia."

Wa nyuma walikuwa kuku.

Akarudia, safari hii kwa sauti ya mkutano wa hadhara, na kwa kujisahau akageuka. Wakatazamana. Generoza akashusha khanga taratibu, akamkagua mkwe wake kama anayenunua ndama.

"Kumbe una ndevu," akasema. "Kura umepata. Sasa nenda, usinizoee."

Akashinda kwa kura hiyo moja. Kikao cha kwanza nilikwenda, nikakaa viti vya wananchi. Generoza akanyoosha mkono, meya akamwita jina lote bila kukohoa. Mama akasimama, akaanza na choo cha soko, akahamia taa za stendi, akaingia kwenye mitaro. Saa ikaenda. Meya akagonga meza.

"Mheshimiwa Generoza, muda wako umekwisha. Kaa."

"Bado, mkwe wangu," akajibu, akafungua ukurasa mwingine. "Uliniita mwenyewe."