Upande wa Kushoto wa Makamu

Makamu wa mkuu wa shule aliitwa Makamu na kila mtu, mkewe akiwemo. Alikuwa mtu wa starehe chache: kunusa uongo kwa mbali, kutembea kimyakimya nyuma ya wapiga soga, na kumwagia chumvi maharage kabla hajayaonja. Alikuwa na presha pia, jambo ambalo shule nzima ililijua, kwa sababu Nesi wa shule alimkumbusha dawa zake kwa sauti ya kuvukia uwanja, naye akamjibu kwa sauti ileile kwamba haumwi popote.

Kasuku alikuwa kidato cha tatu. Wenzake walikuwa na masomo. Yeye alikuwa na Makamu. Alijua jinsi paji la uso linavyokunjwa, jinsi pumzi inavyovutwa puani kabla ya jina la mkosaji kutajwa, na jinsi midomo inavyobanwa mwishoni mwa sentensi, kama mtu anayefunga bahasha. Bwenini alipanda juu ya sanduku lake na kumwigiza Makamu mzimamzima, hata wenzake wakajikuta wamesimama wima na kuchomekea mashati bila kuambiwa.

Wiki hiyo Nesi aliingia darasani kufundisha kiharusi. Alitaka mgonjwa wa mfano, na mgonjwa alijitokeza kabla sentensi haijaisha. Nesi alieleza kwa utaratibu kwamba damu ikikosa njia ya kufika kwenye ubongo, au mshipa ukipasuka humo ndani, uso huweza kwenda upande, mkono ukakataa kubaki juu, na maneno yakavurugika. Ukiona hata moja la ghafla kati ya hayo, alisema, tazama saa, kisha kimbilia hospitali, hata kama hali itatulia yenyewe. Wakati wote huo Kasuku alikuwa akipinda, akilegea na kubwabwaja kando ya ubao, akaishia sakafuni kwa ufundi mkubwa sana. Mwenzake mmoja wa dawati la mbele alitokwa na machozi ya kweli.

Msanii hatosheki na onyesho moja. Kasuku alipata kiharusi kingine kwenye foleni ya chakula, kingine maktaba, na cha mwisho mlangoni pa zahanati ya shule, ambapo Nesi alitoka mbio na mashine ya kupimia presha, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Alipomkuta mgonjwa anacheka, alimwambia kwa upole wa kutisha kwamba kuanzia siku hiyo, lolote atakalosema kuhusu kiharusi, yeye atalisikia kama upepo.

Habari zilimfikia Makamu, na Makamu alikuwa na namna yake ya kuhukumu. Hakuchapa mtu. Aliamini kwamba utundu ukifanywa kwa amri hupoteza utamu, kwa hiyo mkosaji alitakiwa kurudia kosa lake mbele ya shule mpaka alichukie. Aliyepiga mluzi darasani alipigishwa mluzi hadi midomo ikamkauka. Aliyeruka ua aliruka ua hadi mchana, na siku hizi hupita getini kwa heshima zote.

Basi siku ya mkusanyiko wa asubuhi Kasuku aliitwa jukwaani, akasimamishwa uso kwa uso na Makamu, akaamriwa amwigize. Makamu alianza kuyataja makosa, na Kasuku akawa anamfuata kama kivuli: paji, pumzi, bahasha. Shule ilijiuma midomo. Walimu waliangalia viatu vyao kwa makini.

Likaja kosa la foleni. Likaja la maktaba. Lilipokuja la zahanati, bahasha ilifungwa upande wa kulia tu. Pembe ya kushoto ya mdomo wa Makamu ilishuka, ikabaki huko. Kasuku, kwa uaminifu wa kazi, alishusha ya kwake. Shule ikapasuka kwa kicheko, maana hakuwahi kufanya vizuri namna hiyo.

Hapo Kasuku akaacha. Hilo la mwisho hakulibuni yeye.

"Endelea," alisema Makamu, na neno likatoka limelainika, kama limetafunwa kwanza.

Kasuku alimgeukia Nesi na kumwomba amwangalie Makamu. Nesi aliangalia bendera. Shule ilizidi kucheka. Kadiri alivyosema ni kweli, ndivyo walivyoshika mbavu. Kasuku alijua Nesi alikwishasema kinachotakiwa kufanywa, tena haraka, na alijua vilevile ni nani aliyemziba masikio. Akashuka jukwaani bila ruhusa, akaenda hadi mbele yake, na akazungumza kwa sauti yake mwenyewe, ambayo si wengi waliowahi kuisikia.

"Nesi, sichezi. Mdomo ameanza yeye, mimi nimefuata."

Nesi akatazama. Makamu alikuwa anainua mikono kuinyamazisha shule, kama kawaida yake. Wa kulia ulipanda. Wa kushoto ulifika kiunoni, ukafikiria, ukashuka.

Nesi alipanda jukwaani na kumwomba atabasamu. Makamu, ambaye hakuna mwanafunzi aliyewahi kuyaona meno yake, alijaribu. Nusu ya uso ilikubali. Hakuna aliyecheka.

Mkuu wa shule alipendekeza Makamu apumzike ofisini kidogo, apewe maji na aspirini. Nesi alikataa vyote: maji yanaweza kumpalia, na hakuna anayejua bado kama mshipa umeziba au umepasuka, na aspirini kwa aliyepasukiwa ni balaa. Alitaka gari. Kasuku naye akasukumwa ndani ya gari hilo, kwa sababu Nesi alitaka akione kiharusi cha kweli kwa macho yake mwenyewe.

Hospitalini daktari aliuliza ni lini mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Mkuu wa shule alisema asubuhi. Daktari akasema asubuhi ni ndefu.

"Mpaka kosa la maktaba alikuwa sawa," alisema Kasuku. "La zahanati lilitoka limepinda. Katikati hapo kengele ya saa mbili ililia."

Daktari alimtazama sana. Kasuku alieleza kwamba muda wote huo alikuwa kazini, akiutazama mdomo wa mgonjwa. Daktari hakuuliza kazi gani. Picha ya kichwa ilionyesha donge la damu limeziba mshipa, na dawa ya kuliyeyusha ikatolewa, kwa kuwa saa ya kuanza ilijulikana na muda wa kuitumia dawa hiyo ulikuwa haujapita.

Mke wa Makamu alifika na mfuko wa dawa za presha, pakiti zikiwa hazijafunguliwa. Alisema mume wake aliahidi kuzianza siku atakayoanza kuumwa. Daktari alijibu kwamba presha haipigi hodi, na kwamba dawa hizo humezwa siku za uzima ili siku za uzima ziendelee. Akaulizia chumvi. Mama akamwambia aulize kitu kingine.

Kisha wakasubiri kwenye benchi. Yule mama akamgeukia Kasuku.

"Wewe ndiye Kasuku? Nakusikia mezani kwangu tangu mwaka juzi. Hebu nifanyie."

Kasuku alikataa, akasihiwa, akafanya, kwa hofu, na mdomo ukiwa mzima pande zote. Mama alimtazama mpaka mwisho. Alisema paji limekaa vizuri ila pumzi amezidisha chumvi, kisha akajifuta macho kwa pembe ya mtandio wake na kumwambia arudie tena.

Waliitwa ndani jua likiwa limeshapanda. Makamu alilala chali, mkono wa kushoto ukiwa mzito bado lakini vidole vinacheza. Daktari alitaka kujua kama akili na ulimi vimerudi. Akamwonyesha Kasuku, akamuuliza huyu ni nani.

Makamu alimtazama Kasuku kwa muda mrefu. Akavuta pumzi puani.

"Huyu," alisema polepole, kila silabi akiibeba peke yake, "ana kesi. Hajamaliza."

Daktari alimgeukia mama na kuuliza kwa sauti ya chini kama mgonjwa amechanganyikiwa.

"Hapana, daktari," alisema mama, akikaa kitandani. "Huyo ni yeye mwenyewe."